Kucha za Mwongozaji

Tarehe 3 Machi 2019 mwanamke huyu alipewa leseni ya kuongoza wapanda mlima. Mwaka haukuisha kabla vidole gumba vya miguu yake havijabaki bila kucha. Hakushangaa. Marehemu baba yake, mwongozaji pia, alikuwa vivyo hivyo, na ndiye aliyemfundisha: chagua buti zinazobana, zitalegea zenyewe.

Jana alimpeleka mdogo wake wa kike dukani kununua buti za safari yake ya kwanza. Muuzaji alimsimamisha binti kwenye ubao ulioinama, akamwambia ashuke.

"Vidole vinagonga mbele?"

"Vinagonga, kaka."

"Basi ni ndogo. Jaribu namba inayofuata."

Dada mtu akadakia. "Wee, usimvishe mitumbwi! Kucha zitang'oka tu, ndiyo kazi yenyewe."

"Dada yangu, mlima haung'oi kucha. Kiatu ndicho kinachong'oa."

Dada mtu alicheka peke yake. Kisha akapanda ubao na buti zake mwenyewe, akageuka kushuka, vidole vikagonga. Baba yake alizikwa na vidole vile.

"Nipimie na mimi," alimwambia muuzaji.

Jumamosi wote wawili wataanza kuzoea buti mpya kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, na mwezi ujao watapanda mlima.