Mukantabana na mfereji ndani ya yai

Kuku mwekundu hataki masihara. Anaudonoa mkono wa Mukantabana kila unapoingia chini ya mbawa zake, lakini mama huyu wa kijiji cha Nyakasimbi hana papara. Anatoa mayai yaliyoatamiwa tangu jana na mengine ya tangu juzi, anayafungia kwenye majani makavu ya mgomba na kuyapanga kapuni.

Sokoni yai humpatia shilingi hamsini. Shule ya sekondari ya jirani humlipa mia, kwa kuwa kila yai analopeleka huko ni kifaranga anachokikosa.

Mukantabana, mwenye miaka thelathini na mmoja, ni binti wa wakimbizi kutoka Rwanda. Kabla ya kufuga kuku alikuwa kibarua katika mashamba ya kahawa, na alibeba magunia hata akiwa na mimba ya miezi saba. Mwaka 1990 alimzaa Immaculata, mtoto mwenye mgongo wazi. Madaktari waliufunga, ila miguu haikupata nguvu.

Mama mkwe, Nyirabageni, alisema hadharani kuwa ni yale magunia. Mukantabana aliamini, na ilimuuma. Kwa miaka sita hakuthubutu kubeba mimba nyingine, ingawa mumewe, Harerimana, alitamani sana mtoto wa pili.

Mwaka huu wa 1996, siku moja alipopeleka mayai, Mwalimu Placidius wa baiolojia alimkaribisha achungulie kwenye lenzi. Katika yai la jana aliona mfereji mwembamba. Katika la juzi, mfereji ulikuwa umejikunja na kuwa mrija.

Mwalimu alimweleza kuwa mrija huo ndio huwa ubongo na uti wa mgongo. Kila seli ina jeni zote za mwili, lakini si zote zinazofanya kazi. Seli za katikati ya mgongo hupokea ishara kutoka kwa seli jirani, na jeni za neva huamka. Kwenye ngozi jeni hizo hizo hubaki zimelala.

"Ni kama kwaya, Mama Immaculata," alisema. "Kila mmoja kashika kitabu kizima, lakini besi haimbi sauti ya soprano."

Mambo yakienda kombo hapo mwanzoni, mfereji hubaki wazi. Mukantabana akauliza kwa binadamu mfereji huo hujifunga lini. Akajibiwa kuwa ni mwezi wa kwanza, mara nyingi mama mwenyewe hajajua ana mimba.

"Nilikaa chini pale pale darasani," anasema. "Kumbe magunia niliyabeba mgongo wa mwanangu ukiwa tayari uko vile. Nililia, wanafunzi wananitazama."

Nyirabageni hajashawishika. Anasema mwalimu yule ni fundi wa kuku tu.

Stephania, muuguzi wa zahanati, amemwambia kuwa vidonge vya foliki asidi hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, japo haviiondoi kabisa, na husaidia zaidi vikianzwa kabla ya mimba kuingia. Wanawake wengi hufika kliniki tumbo limeshaonekana. Mukantabana ameshaanza kumeza, na Harerimana humkumbusha kila jioni.

"Nataka mtoto," anasema, akimfunga Immaculata mgongoni tayari kwa safari ya kupeleka mayai shuleni. "Mimba bado haijaingia. Ndiyo maana nameza sasa."