Nusu Kidonge cha Saa Moja Jioni

Véronique alipigwa kwa kitako cha bunduki wakati wa vita, mwezi wa tano mwaka 2003, begani na kiunoni, siku ile ile mume wake alipouawa mlangoni pa nyumba yao, mtaani Saio. Majeraha yalipona. Maumivu yalibaki, na mwaka baada ya mwaka yakasambaa hadi mahali ambapo hakuna aliyempiga: shingo, magoti, nyayo. Mtu akimshika bega kumsalimu, alifumba macho. Alilala kwa vipande vipande na kuamka amechoka kama aliyelima.

Alichomwa sindano nyingi. Alichanjwa mgongo kwa wembe na kupakwa unga mweusi wa mizizi, chale zikatunga usaha. Vipimo havikuonyesha kitu. Shemeji yake Baudouin, mdogo wa marehemu na msimamizi wa familia, akasema basi kuna mtu anayemlisha sumu.

Mwaka 2012 daktari Liévin alimbonyeza kwa kidole gumba hapa na pale, akamwambia ugonjwa una jina, fibromialjia. Mishipa ya fahamu inayobeba habari za maumivu, alisema, imekuwa kama mlinzi aliyeona vita: hata paka akipita, anafyatua. Sindano alizozizoea hazifiki huko. Tramadoli hupunguza kidogo, lakini watu hushindwa kuiacha. Pregabalini ingebidi kuagizwa Kampala. Akamwandikia amitriptilini ya miligramu 25, nusu kidonge kila saa moja jioni, ili usingizi uje mapema na asubuhi kichwa kisiwe kizito. Kinywa kingekauka. Nafuu asiitazamie kabla ya wiki tatu au nne. Na asiichanganye na tramadoli.

Vidonge hivyo Baudouin alivijua. Dada yake alipewa vidonge hivyo hivyo alipochanganyikiwa baada ya vita, na baraza la familia likasema ni kichaa, likamnyang'anya watoto. Véronique alikuwa na mtoto mmoja, Faida, mwenye miaka kumi. Kwa hiyo dawa aliificha kwa jirani yake Mbambu, muuza maharagwe kutoka Butembo, akamwapisha asimwambie mtu. Kila jioni Mbambu alikata kidonge, akapitisha nusu juu ya ua wa matete pamoja na kikombe cha maji. Wiki ya tano Véronique alilala saa sita mfululizo. Akaweza kumsuka Faida nywele.

Wiki ya saba alikwenda Komanda kwa pikipiki, akarudi mwili wote unawaka. Alinunua tramadoli kwa mchuuzi wa barabarani, akameza tatu, asimwambie Mbambu. Saa moja akapokea nusu yake kama kawaida.

Asubuhi hakuamka. Faida alimtikisa, kisha akamkimbilia Baudouin. Alipoulizwa mama alikula nini, mtoto alisema kweli: kila jioni mama Mbambu anamupa kitu na maji.

Walikuja wanaume sita. Walimburuta Mbambu kwa nywele kutoka jikoni. Baudouin alimpiga kwa mchi wa kinu, na mfupa wa mkono ulivunjika kwa mlio uliosikika ng'ambo ya barabara.

"Ulimupa nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Mbambu alinyamaza. Jiwe likampasua juu ya jicho.

"Mulitoka Butembo kuuza maharagi, ao kuuza kufa?" mmoja alimuuliza, wengine wakacheka. Mmoja wao, mwenye pikipiki, akaanza kukinga petroli ya kumchomea kwenye chupa.

Faida alikuwa amemmwagia mama yake ndoo nzima ya maji. Véronique alitoka akishika ukuta, ulimi mzito, akamwona Mbambu chini, damu hadi kifuani.

"Mumuache. Ile ni dawa yangu."

"Ya nini?" Baudouin aliuliza.

Véronique alimtazama Faida kwanza.

"Ile ya dada yenu. Na tramadoli nilikunywa miye peke yangu. Yeye hakujua."

"Kumbe hata weye umeshapoteza kichwa."

"Kama iko hivyo, iko hivyo, shemeki. Mumuache."

Baudouin alimpiga kofi lililomwangusha. Hakuinua mchi tena. Wanaume waliondoka mmoja mmoja, na mwenye pikipiki akairudisha petroli kwenye tangi, taratibu, asimwage.

Baraza lilikaa baada ya siku tisa. Wazee wa familia walimwuliza Véronique kama angeiacha dawa ili abaki na mtoto. Alijibu kwamba bila dawa hawezi hata kumgusa. Wakaamua Faida ahamie kwa Baudouin, mtaa wa Lumumba, siku hiyo hiyo.

Mbambu alikuwa amekaa kando ya Véronique, mkono kwenye plasta, yeye peke yake asiye wa familia. Baudouin alimwambia atoke, mambo haya ni ya wenye nyumba. Hakutoka. Alibaki pale hadi nguo za mtoto zilipokwisha kufungwa.