Magurudumu ya Kichwa cha Treni

Baba aliendesha treni ya abiria mpaka alipostaafu, na nyumbani kwake Temeke bado ana kichwa cha treni kingine: cha bati, chekundu, cha kutia ufunguo, ambacho mama alikipata kwenye midoli ya mtumba tulipokuwa wadogo. Alisema ni chetu sisi watoto. Uongo mtupu. Kazi yetu ilikuwa kutazama tu, baba akiwa amepiga magoti mkekani, anapiga honi kwa mdomo.

Mama alipofariki, mzee alinyamaza. Arobaini ikapita, vitu vya marehemu vikagawiwa kama ilivyo desturi, isipokuwa cherehani. Ilikuwa iende kwa mama mdogo, maana naye ni fundi wa nguo, lakini kila alipoigusia, baba aliangalia ukuta. Basi siku aliponiita na kusema, "Magurudumu ya mbele ya kichwa changu yamepasuka, hebu nitafutie mengine," nilikaribia kulia kwa furaha. Hakuwa ametaka kitu chochote tangu msiba.

Nilitafuta kama mwendawazimu. Kwenye mitumba nikapata magari, ndege, na dubu asiye na jicho. Mafundi saa wakanicheka. Mwishowe fundi wa kukereza vyuma kule Kurasini akanichongea mawili, yanang'aa kweli kweli. Tukayafunga, tukatandika reli mkekani. Kichwa kikatoka mbio, na kwenye kona ya kwanza kikapinduka.

Baba akalishika gurudumu, akaligeuza, akaangua kicheko. Jamani, nilikuwa nimekikosa kicheko kile!

"Hili la toroli hili! La treni lina ukingo, mama, wa kushikilia reli. Wewe na fundi wako mngeniulia abiria."

Akanichorea hewani: duara, na ukingo wake. Umbo lile nililijua. Nilikua nikiliokota chini ya meza ya mama.

"Kama bobini ya cherehani," nikasema. "Ina kingo mbili. Tukiikata katikati tunapata magurudumu mawili. Nitanunua kesho, zimejaa madukani."

"Ya nini kununua? Yake si ipo?"

Akainuka, akaifunua cherehani, akaitoa mwenyewe ile bobini chini ya sindano. Ilikuwa bado na uzi wa kijani wa gauni ambalo mama hakulimaliza. Akaufungua taratibu, akauzungushia kwenye njiti ya kiberiti, akautia kwenye mfuko wa shati. Mie nilijifanya natafuta ufunguo wa treni.

Fundi wa Kurasini akaikata, safari hii bila kung'arisha chochote. Jioni kichwa kikazunguka reli, kona zote, na baba magotini akapiga honi mpaka jirani akachungulia.

Kiliposimama, akakipangusa kwa kanzu yake.

"Mwambie mama yako mdogo aje achukue cherehani yake," akasema. "Bobini atanunua."