Parachichi Juu ya Makande

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukiona kwa Beatha, ambaye kijiji kizima cha Vudee humwita Mama Loth, ni namna anavyochagua parachichi. Halibonyezi kwa kidole gumba kama wanunuzi wa sokoni Same. Hulisogeza sikioni, akalitikisa polepole, akanyamaza kama mtu anayepokea simu ya mbali. Kokwa ikicheza ndani, huliweka kapuni. Isipocheza, hulirudisha kwenye debe la pumba pamoja na ndizi mbivu, lisubiri siku zake. Ana miaka hamsini na minane, na hajawahi kumkatia mgeni parachichi bichi.

Hata hivyo, mwanamke huyuhuyu ndiye aliyewahi kuwashindisha njaa watu sitini.

Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Wapare wameirithi kwa mababu. Kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe kwenda kuondoa tope kwenye ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya mlimani usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani. Chakula cha msaragambo ni makande, na anayekabidhiwa sufuria kubwa amepewa heshima isiyotolewa ovyo. Beatha alikuwa na heshima hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka huo alitaka kuwapa watu kitu cha zaidi. Mafuta ya kula yalikuwa yamepanda bei, na maparachichi yalikuwa yakianguka na kuoza chini ya miti. Basi akaponda ndoo mbili, akamimina zote ndani ya makande yaliyokuwa yakitokota, akaacha moto uendelee.

Saa nane watu waliponawa na kukaa, vijiko viliingia mdomoni mara moja tu. Makande yalikuwa machungu. Zephania, mwenyekiti wa msaragambo na rafiki wa mumewe, aliweka sahani chini, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mfereji:

"Shemeji, umetupikia makande au mwarobaini?"

Watu walicheka huku matumbo yakinguruma. Msimu uliofuata sufuria ilipelekwa kwa mama mwingine, na watoto waliopita njiani walinong'onezana, "Mama Mwarobaini huyo."

Beatha aliumia, lakini kilichomsumbua kuliko jina lile ni swali moja: tunda tamu limekuwaje chungu? Akaanza kujaribu jikoni kwake, kibakuli kimoja kimoja. Alilichemsha dakika ishirini, kisha kumi, kisha tano. Kila lililochemka liligeuka. Lakini lililowekwa sahanini, juu ya makande yaliyokwisha kuepuliwa na kupoa kidogo, lilibaki tamu na laini kama samli. Jibu lilikuwa dogo kiasi cha kumfanya acheke peke yake. Parachichi halitaki kupikwa. Linataka kukaribishwa mwishoni.

Majaribio hayo yalimkuta mumewe, Hezroni, katika wakati mgumu. Hospitalini alikuwa ameambiwa ana presha, anywe dawa kila siku na apunguze chumvi na mafuta ya kukaangia. Kwa mzee aliyezoea makande yanayong'aa, ilikuwa kama kufiwa. Alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani. Beatha akamwekea juu ya makande hayo nusu parachichi, kitunguu kilichokatwakatwa na matone ya ndimu. Hezroni alimaliza, kisha akafuta sahani kwa kidole.

Nesi Lydia wa zahanati alipoulizwa, alifurahi. Alieleza kwamba mafuta ya parachichi ni rafiki wa moyo, kwamba nyuzinyuzi zake hulainisha choo na kumfanya mtu ashibe mapema, na kwamba lina madini ya potasiamu yanayosaidia kutuliza presha. Lakini alionya kuwa nusu kwa siku inamtosha mzee, na kwamba parachichi halichukui nafasi ya vidonge. Hezroni hakuacha vidonge. Wala parachichi halikuondoka nyumbani humo: asubuhi lilipakwa kwenye mkate mahali pa siagi, mchana likakaa kando ya ugali na mchicha, jioni likapondwa na ndizi kwa ajili ya wajukuu. Kliniki tatu mfululizo presha ilisomeka vizuri, na Hezroni akawa anawaonyesha watu kadi yake baada ya ibada kama mwanafunzi aliyefaulu.

Mwaka huu, majuma mawili kabla ya mvua za masika, Zephania alifika kuzungumza na Hezroni habari za msaragambo mpya. Kwa desturi mgeni haondoki bila kula, naye hakatai sahani. Beatha hakuficha kitu. Alilikata parachichi mbele ya macho yake, akalipanga juu ya makande ya moto kiasi.

"Shemeji, mwarobaini wako huu hapa."

"Mama Loth, mimi nina wajukuu wananitegemea."

"Kula. Ukifa nitawalea."

Hezroni alicheka mpaka akakohoa. Zephania alichota kwa ncha ya kijiko, kisha kwa kijiko kizima. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, halafu akaisogeza taratibu upande wa Beatha, huku akitazama mlangoni kana kwamba sahani imejisogeza yenyewe.

Alipomaliza ya pili aliuliza kilichotokea siku ile. Beatha akamweleza kosa lake waziwazi, bila kusingizia kuni wala mahindi.  Zephania akasema kuwa wapishi wengi anawajua, ila anayejua mahali hasa alipokosea ni huyu mmoja.

"Nitakusemea kwenye kikao," akaahidi. "Lakini ujue, shemeji, safari hii wakiacha sahani, hata mimi sitaweza kukutetea."

Jumapili baada ya ibada kikao kilibishana, kikacheka, kikabishana tena. Mwishowe kikakubali: sufuria irudi kwa Mama Loth, kwa mara moja hii ya kupimwa. Na kama hiyo haitoshi, siku hiyo watakuwepo wageni kumi na wawili kutoka Usangi, wanaokuja kujifunza utunzaji wa ndiva.

Leo ni Alhamisi, na msaragambo ni Jumamosi. Mahindi yamekwisha kukobolewa, maharage yamechaguliwa, na vijana wameileta sufuria, wameiegemeza ukutani. Beatha ameisugua kwa majivu hata inamrudishia uso wake. Hezroni, akiwa kibarazani na kikombe chake cha chai, amemuuliza kama haogopi.

"Naogopa," amesema, akijifunga kanga upya kiunoni. "Naogopa wa Usangi watayamaliza kabla wetu hawajatoka kwenye tope."

Kisha ameingia ndani kuhesabu sahani, kwa mara ya tatu tangu asubuhi, akiilaumu Ijumaa kwa kukaa katikati.