Kifo cha Beberu wa Supu

Miaka ile ya wakimbizi, malori ya mahindi ya kambini yalikuwa hayakauki Lusahunga, na shangazi yangu alikuwa na hoteli ya mabati pale njia panda. Tangazo lake lilikuwa hai: beberu mwenye ndevu, amefungwa mlangoni, shingoni kibao, SUPU YA MBUZI IPO. Madereva walikuwa wanamwamkia, "Shikamoo, mwenye hoteli!"

Siku moja dereva mmoja kibonge aliacha kutafuna, akamkazia macho beberu.

"Mama, huyu namkuta hapa tangu mwaka jana. Supu inaisha kila siku, yeye ananenepa. Sisi tunakula nani?"

Meza nzima ikaweka vijiko chini.

"Mnakula mbuzi," shangazi akasema.

"Mkia uko wapi?"

Kwetu mchinjaji humwachia mbuzi mkia, ujue hujauziwa mbwa. Shangazi akauleta kutoka jikoni, mkavu kama fimbo.

"Mkia wenyewe mstaafu," nikasema. Mdomo wangu huu! Shangazi alinikata jicho.

Madereva wakahamia kwa jirani, kwenye maharage. Supu tukawamwagia mbwa, na hao mbwa nao tukawachungulia tuone kama watakataa. Shangazi alikuwa na watoto wanaosoma kwa supu ile. Asubuhi moja akasema, "Leteni kisu."

Beberu alichinjwa mbele ya watu wote. Dereva mmoja alivua kofia. Tulimchemsha mpaka kuni zikaisha, mzee wa watu hakuiva. Kibonge alitafuna, akatafuna, akatoa kipande mdomoni, akakigeuza.

"Mama, leo ndiyo umetuibia. Huyu siyo mbuzi. Tuletee yule wa siku zote!"

"Si umeona akichinjwa?"

"Nimeona. Lakini mbuzi mimi namjua kwa ulimi."

Kesho yake alfajiri shemeji yake shangazi akaja na baiskeli kama kawaida, akitokea porini, akapitia nyuma. Gunia linadondosha damu. Supu ikaiva upesi, laini, na malori yakarudi yote.

"Huyu ndiye mbuzi!" kibonge akapiga meza. "Mama, umetubu!"

Mlangoni shangazi alikuwa ameshafunga mwanambuzi mpya, kibao kinaburuza chini. Mimi nikachungulia sufuria. Mguu mrefu, mwembamba, kwato kama za mkimbiaji.

"Shangazi, mbuzi huyu anafugwa na nani?"

"Na Mungu. Peleka supu, funga mdomo."