Bakuli Lililorudi Tupu

Mwezi uliopita nilirudi Bagamoyo, na nisikufiche, msomaji wangu, sikurudi kwa mapenzi. Watu wengine wakizeeka hurudi walikokulia ili wanuse upepo na kufuta machozi. Mimi nilikwenda kutazama kama nyumba ya jirani yetu imeanguka. Imeanguka. Paa limekwenda, ukuta wa uani umelala chini, na pale palipokuwa jiko nikayakuta mafiga matatu kwenye majani, meusi vilevile. Nilicheka peke yangu hadi mwanangu aliyenisindikiza akaniuliza kama jua limenipanda kichwani.

Sisi tulitoka Maskati nikiwa na miaka saba, miaka michache kabla Wadachi hawajaupiga mji kwa mizinga. Baba alifanya biashara ya sandarusi, ile gundi ya miti. Tulikuwa yeye, mama, mimi, na bibi mzaa baba, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili zote za mtaa wa Dunda. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Tulipanga nyumba ya mawe iliyopakana na ya jirani huyo, ua kwa ua, na ukuta wa katikati ulikuwa na tundu la ukubwa wa jicho langu.

Baba alikuwa mtu wa matembezi. Kila alipopata nafasi alitupandisha punda, wale weupe wa kwetu Maskati, tukaenda mandari: tunashinda nje tangu asubuhi hadi alasiri na chakula chetu vikapuni. Siku nyingine tulikwenda mto Kingani kutazama viboko, na bibi akaapa kwamba wale ni ng'ombe waliolaaniwa. Siku nyingine Mbegani, tukala chaza palepale kwenye mawe, tukiwakamulia ndimu. Mimi niliyekuwa mtoto wa tende na papa mkavu nikajifunza mhogo wa kuchoma kwa chumvi na pilipili, na kunde za nazi walizotuuzia wanawake wa Kikwere kutoka bara, na mkate wa kumimina unaonukia iliki. Mpaka leo nikisikia mbuzi ikikuna nazi kwa mtu, mate hunijaa kinywani kama mtoto.

Baba alikuwa na soko lake na marafiki zake. Mama hakuwa na mtu. Alikuwa akikaa chini ya ule ukuta, anasikiliza wanawake wanavyocheka ng'ambo, na aliposikia wanacheka naye alitabasamu, bila kujua wanacheka nini. Alitaka waseme neno moja tu: karibu.

Mwenye kulitoa neno hilo alikuwa jirani. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa wenye mji, na yeye ndiye aliyeamua nani mwenyeji na nani mtu wa kuja. Sifa yake kubwa ilikuwa pweza wa nazi. Mtaa ulipokwenda mandari, sufuria yake ikifunuliwa hata watoto waliokuwa wanalia walinyamaza. Basi siku moja mama akanunua pweza, akahangaika naye kutwa nzima, akamtia kwenye bakuli la kaure alilopewa na mama yake siku ya harusi, akampelekea jirani.

Unajua desturi ya pwani. Bakuli likija na chakula halirudi tupu. Ukiwa huna kitu utatia hata ndimu tatu, hata kipande cha sukari guru. Letu lilirudi kesho yake tupu, likawekwa kifudifudi kwenye baraza yetu, mchana, watu wakipita.

Aliyelileta alikuwa mpishi wa jirani, mjakazi mrefu mwenye kovu la moto kwenye kiganja.

"Shikamoo, bi mkubwa," alimwambia mama, macho chini. "Nimetumwa niseme, hapa kwetu pweza hupikwa, hachemshwi kama nguo."

Mama akaitikia marahaba, akaokota bakuli, akaingia ndani. Nilimsikia akilia huku amejiziba mdomo kwa shela. Mpishi naye alisikia. Hakuondoka. Aliinama karibu yangu akasema harakaharaka, "Mwambie mama ampige pweza juu ya jiwe, ampige hasa. Aanze na tui jepesi mpaka nyama ilainike. Tui zito mwisho, na asiache kukoroga, litakatika. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Nikakimbia moja kwa moja kwa bibi nikamwaga yote, na nikaongeza nililoliona mwenyewe kupitia lile tundu: kwamba jirani hakusogelea jiko hata siku moja. Alijilaza kwenye mkeka akisukwa nywele, akaita "We!", na huyu mwanamke akapika.

"Kumbe hajui kupika," bibi akasema polepole. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tushuke chomboni.

Bibi akatangaza mtaani kwamba aliugua homa akaweka nadhiri. Homa yenyewe sikuiona. Nadhiri ilikuwa hii: akipona, atawaalika akina mama wote mandari Kaole, na kila mmoja apike kwa mkono wake mwenyewe, palepale, bila mjakazi wala msaidizi, kisha wale pamoja. Nani atakataa nadhiri ya mgonjwa aliyepona? Jirani alikuja amejifukiza udi, akiamini nadhani kwamba kupika ni kutia vitu chunguni na kungoja.

Wanaume waliotusindikiza walikaa upande wa magofu ya kale, sisi upande wa mikoko. Mama alimpiga pweza wake juu ya jiwe, akampiga hasa. Jirani hakumpiga wake hata kofi. Akamimina tui zito lote mwanzo, juu ya moto mkubwa. Tui likakatika, mafuta yakaelea juu na mabonge meupe chini, na pweza akajikunja mgumu kama kamba ya ngamia. Mama mmoja alitafuna, akatafuna, akageuka pembeni akatema ndani ya shela. Hapo bibi akapaza sauti kwa Kiswahili chake kibovu, "Mashallah, dada yangu! Hapa kwenu pweza hupikwa, hachemshwi kama nguo!"

Mikoko yote ilicheka. Sufuria ya mama ilifutwa kwa vidole. Nilifurahi, wee! Nilifurahi mpaka tumbo likaniuma, na nikisema leo kwamba nilijuta palepale nitakuwa nakudanganya. Wiki hiyo mama aliitwa nyumba tatu kusuka ukili wa mikeka, na akaambiwa karibu.

Siku ya nne nikasikia jirani anaita "We!" Sauti iliyoitika ilikuwa ya msichana mdogo. Nikaweka mdomo kwenye tundu nikamuuliza yuko wapi yule mpishi.

"Kapelekwa Pangani," akanijibu. "Kwenye miwa. Bi mkubwa kasema ana mdomo mrefu, katoa siri za jiko."

Kila mtu alijua mashamba ya miwa ya Pangani yanafanya nini kwa mtu. Nilimwambia bibi. Alikaa na kikombe cha kahawa mkononi mpaka kikapoa, kisha akainuka akaswali, na haikuwa saa ya kuswali. Hakwenda mandari tena. Mama hakupika pweza tena maisha yake yote.

Sasa bibi hayupo, mama hayupo, punda weupe hawapo, na Kaole watu huenda kutazama makaburi. Mandari zile zimekwisha pamoja na vicheko vyake. Chuki yangu tu ndiyo haijazeeka. Nilikwenda na bakuli la mama kwenye mkoba. Nikaliweka kifudifudi katikati ya mafiga ya jirani, nikamwambia, "Lako hilo, limerudi." Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake. Sitaliandika. Na lioze na boriti zake.

Kisha nikainua mikono nimwombee dua yule mpishi, maana nilikuwa nimesimama pale alipokuwa akisimama. Nikafungua mdomo, nikakwama. Jirani alimwita "We!", sisi tukamwita mpishi wa jirani. Ametufaa, tumemtumia, amelipa yeye, na katika sisi wote hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Mwanangu alinishika mkono akasema twende, jua kali. Nilishindwa kuondoka. Nililitazama lile bakuli nikaona kwamba na mimi nimemrudishia yule mpishi lake tupu.