Nondo mweupe kiooni

Leo mume wangu amemtambua nondo. Mimi hakunitambua.

Tulikuwa ukumbini kwetu, mtaani Qurum, huku ughaibuni, tumemaliza chai. Nondo mdogo mweupe akatua kwenye kioo cha dirisha. Nadhani katoka kwenye beseni la mayungiyungi, maua ya majini aliyoyanunua binti yetu, yale yanayoletwa kutoka Uholanzi.

Nikavua kandambili nimpige.

"Mwache," akasema mume wangu. "Huyu si wa huku, ni wa Ulaya. Viwavi wake wanaishi majini, nnavyodhani. Sijapata kuthibitisha."

Jamaa zangu, huyu alisomesha bayolojia miaka mingi. Sentensi kamili kama hizo sijazisikia kwake tangu Ramadhani. Kwa furaha nikajisahau, nikamuuliza, "Unakumbuka tulimwona wapi?"

"Uingereza, mtoni, tulipokwisha kutoka Unguja. Mke wangu ndiye aliyenishikia taa."

"Si mimi huyo?"

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Hapana, bibi. Siye wewe."

Kuhusu viwavi ana shaka. Kuhusu mimi hana.

Nafikiri aliniona nimebadilika uso, maana akaniuliza kwa upole, "Kwenu wapi?"

"Unguja. Malindi."

"Na yeye wa Malindi," akasema, akafurahi. "Ukimwona mwambie nnamngoja. Asichelewe."

Nikamwambia nitamfikishia salamu.

Nondo bado yuko kiooni. Sijampiga.

Nyinyi mnaouguza watu wenu majumbani, mkiambiwa hivi mnajibu nini?